Nataka kinanda changu cha kwanza cha santuri, nichukue kipi? (Niko Malindi)

KijanaWaShella
Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Niko Malindi, huku Shella. Kuna sanduku la santuri limetoka kwa babu, nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), taarabu na dansi za zamani, alafu kuna LP, zile kubwa za 33, chache za Kihindi na Kiarabu na chini kabisa kuna nzito nyeusi ngumu ambazo nadhani ndo zile za 78. Zimekaa miaka mingi hazijapigwa. Nataka ninunue kinanda nisikize na pia nizirekodi ziingie kwa simu, kuna wazee hapa nyumbani wanaziuliza kila siku.

Bajeti ni elfu ishirini na tano, nikijikaza elfu thelathini na tano. Nimeona mtandaoni kile cha mkoba, unafunga kama sanduku, spika ziko ndani, bluutuu iko, kasi zote tatu ziko, na bei haifiki hata nusu ya pesa yangu. Kisha kuna mtu Mombasa anauza cha mtumba, kikubwa cha mbao, kizuri kweli kwa macho, ameniambia kimetoka Marekani na kinafanya kazi vizuri. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

pwani_beats
Chukua cha mkoba bana. Cha kwanza ni cha kujifunzia, baadae utanunua cha maana.

MzeeWaLangoni
Waaleikum salaam mwanangu. Usitoe pesa bado. Ndugu hapo juu amesema cha kwanza ni cha kujifunzia, sawa, lakini wewe hujifunzii kwa santuri za kununua dukani, unajifunzia kwa santuri za babu yako, na zile 45 za taarabu za pwani nyingi hazikutolewa tena, ukiikwaruza hio uliyonayo huenda usipate nyengine. Kwa hivo swali la kwanza si bluutuu wala spika, swali la kwanza ni sindano inakandamiza kwa uzito gani, na mkono ulioibeba unarekebishika au haurekebishiki.

Nikueleze kidogo. Ncha ya sindano ni ndogo mno na inakaa ndani ya mfereji mwembamba, kwa hivo uzito hata uwe wa gramu chache, pale nchani shinikizo lake ni kubwa sana. Vinanda vizuri vinakanyaga gramu 1.5 mpaka 2.5, vile vya bei nafuu lakini vilivyotengenezwa kwa akili vinafika 3 au 3.5. Vya mkoba vingi vinatumia katriji (kile kichwa kidogo kinachobeba sindano) ya seramiki, inakanyaga gramu 5 au zaidi, na hakuna uzani wa nyuma wa kuzungusha upunguze, kiwanda kimeamua na wewe huna la kufanya. Kisha spika ziko kwenye sanduku lile lile, besi ikipiga sanduku linatikisika, sindano inatikisika nayo, santuri inaruka, na mtu anaona inaruka anaweka sarafu juu ya kichwa ili itulie, hapo sasa ndo anailima kabisa.

Sisemi ukipiga mara moja santuri imekufa, la. Lakini ukipiga zile zile kila wiki utaanza kusikia herufi za S zinakwaruza, sauti ya mwimbaji inapoteza ung'avu, na hio hairudi kwa kuosha wala kwa kubadilisha kinanda. Mimi kwa santuri za watu waliokwisha kufa nisingekubali.

Kwa pesa yako tazama Audio-Technica AT-LP60X. Ni cha belti, yani mota inazungusha sahani ya kuwekea santuri kwa mkanda wa mpira, unabonyeza mkono unakwenda wenyewe na santuri ikiisha unarudi wenyewe, kwa nyumba yenye watoto na wazee hilo ni jambo kubwa. Uzito wake hurekebishi lakini umewekwa kama gramu 3, unabebeka. Sindano unaichomoa kwa kidole na kuweka mpya, inaitwa ATN3600L, ni moja ya sindano rahisi kuzipata duniani. Kasoro yake kwako ni moja, kina 33 na 45 peke yake, 78 hakina. Bei zinabadilika kwa hivo angalia mwenyewe ukiongeza na usafiri.

FundiMota_MLD
Namuunga mkono mzee. Mimi ni fundi wa redio hapa mjini, nigusie hicho cha Marekani kwa sababu watu wanachomwa sana hapo na muuzaji wala hadanganyi, kwa kule kilifanya kazi kweli.

Stima yetu ni volti 240 na mzunguko wa hezi 50, yani mara 50 kwa sekunde. Ya Marekani ni volti 120 hezi 60. Watu wote wanajua habari ya volti, wananunua transfoma ya kushusha wanadhani wamemaliza. Transfoma inashusha volti, mzunguko haiugusi. Na vinanda vingi vya zamani vya belti na vya gurudumu la mpira vinatumia mota inayofuata mzunguko wa stima, stima ikiwa 60 inakimbia sawa, ukiileta kwa 50 inapungua, inabaki tano juu ya sita. Yani 33 yako inakuwa kama 27.8. Utasikia mwimbaji wa kike anaimba kwa sauti ya kiume na tarumbeta zimelegea, utatafuta ubovu kwa belti, kwa mafuta, kwa kila kitu, na ubovu hakuna. Dawa yake ni kubadilisha ile puli ndogo ya mota upate ya hezi 50, na kwa kinanda cha zamani kuipata ni kazi.

Si vyote lakini. Vyenye mota ya DC au vyenye kudhibitiwa kwa kwatzi havijali mzunguko, kwa mfano Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 kwenda mbele, hapo ni volti tu. Kwa hivo mwambie huyo wa Mombasa akupigie picha kile kibati cha nyuma au cha chini kinachoandikwa volti. Kikisema 120V 60Hz peke yake na mota ni ya AC, ile inayofuata mzunguko wa stima, achana nacho hata kama mbao yake inang'aa. Vya kutoka Uingereza na Dubai kwa kawaida vinaingiliana na stima yetu bila shida.

Na ukienda kukiona, beba santuri moja ya 33 usiyoijali. Kata kipande kidogo cha karatasi ukibandike ukingoni mwa sahani, washa kwa 33, weka saa ya simu dakika tatu, hesabu karatasi inapita mara ngapi. Inatakiwa 100. Ikipita mara 83 basi una ile habari ya hezi niliyokueleza. Baada ya hapo zima, inua sahani, tazama belti, ikiwa imelegea au inanata kama gundi ni ya kubadilisha, hio si sababu ya kukataa lakini ni sababu ya kupunguza bei. Shika mkono kwa vidole viwili taratibu uusogeze kushoto na kulia, unatakiwa uteleze bila kukwama popote na bila kucheza pale kwenye shina. Mkono ukikwama usinunue. Mota nitatengeneza, belti tutatafuta, mkono uliopinda sina dawa yake.

pwani_beats
Hapo kwa hezi sikuwa najua kabisa. Lakini bado nauliza, huyu hana amplifaya, hicho LP60 atakisikilizaje? Cha mkoba angalau kina spika.

KijanaWaShella
Nimesoma yote, shukran sana ami MzeeWaLangoni na fundi. Kweli sina amplifaya, nina sabufa tu ile ya kawaida, nyuma ina matundu mekundu na meupe. Itafaa?

MzeeWaLangoni
Itafaa sana kwa kuanzia, wala usione haya na sabufa yako. Ila elewa kitu kimoja. Kinachotoka kwenye katriji ni kidogo mno, milivolti tatu nne tano hivi, sabufa inataka mara mia ya hapo. Na si udogo tu. Santuri inapokatwa kiwandani besi inapunguzwa makusudi na sauti kali inaongezwa, kwa sababu besi ikiachwa kamili mfereji unakuwa mpana unakula nafasi yote. Kwa hivo kuna kifaa kinaitwa priampu ya fono, kazi yake ni kukuza ile sauti na kuirudisha besi mahali pake, kwa kipimo kinachoitwa RIAA ambacho makampuni yalikubaliana miaka ya 1950. Ukichomeka kinanda bila priampu utasikia sauti nyembamba ya mbali haina besi, watu wengi hapo ndo wanasema santuri zimeharibika.

LP60X priampu iko ndani, nyuma kuna swichi ndogo imeandikwa PHONO na LINE. Kwa sabufa weka LINE. Siku ukipata amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO basi unarudisha swichi kwa PHONO, usiache mbili zifanye kazi pamoja, itakoroma. Vinanda vyengine vizuri kama Rega Planar 1 priampu haimo, lazima ununue kando, hio ni pesa juu ya pesa, ndo maana sijakutajia kwa bajeti yako ingawa kwa sauti ni kitamu.

Sabufa usiiweke meza moja na kinanda. Iweke chini, mbali.

BintiMkomani
Naomba nami niseme maana mnazungumza mota na mota mkasahau anaishi wapi. Mimi niko Amu (Lamu) nyumba ya mawe, shangazi yangu yuko Malindi nyumba ya makuti, na shida za nyumba hizi mbili ni tofauti.

Makuti yanadondosha vumbi, kila siku, hata ufagie vipi, ule unga mwembamba wa kahawia unaingia kwenye mfereji na sindano inausaga ndani. Kwa hivo kama juu yako ni makuti usinunue kinanda kisicho na mfuniko, hata kiwe kizuri namna gani. Na mfuniko uwe umefungwa hata wakati unapiga, na feni usiielekeze pale. Kama ni mabati vumbi ni afadhali lakini joto ni adui, santuri ya vinyli ikipata joto inalegea na kupinda, iliyoachwa dirishani jua la mchana au ndani ya gari inapinda siku moja. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyengine, na zitoe kwenye lile sanduku la babu kama liko sakafuni maana mchwa wanaanza na maganda ya karatasi.

Kisha chumvi. Upepo wa bahari unakula bati na shaba. Zile pini nne ndogo nyuma ya katriji na vichomeko vyekundu na vyeupe vikipata kutu ya kijani utasikia upande mmoja umekufa, na mtu anakimbilia kununua katriji mpya kumbe ni kuchomoa, kusugua kwa kitambaa kikavu na kuchomeka tena. Fanya hivo kila baada ya miezi michache. Kinanda kikiwa hakitumiki mfuniko juu na kitambaa juu ya mfuniko.

Na kiwe sawa! Sakafu zetu hazijanyooka. Weka pima maji juu ya sahani, ile ndogo ya waashi, pande zote mbili, ukikuta imeinama weka karatasi ngumu chini ya mguu mpaka ile povu ikae katikati. Mimi nyumbani nimekiweka ndani ya kidaka, ukuta wa mawe ni mnene, watoto wakikimbia hakisikii kitu.

FundiMota_MLD
Kweli kabisa dadangu, hio ya pini za katriji ndo nusu ya kazi zinazoletwa kwangu.

NahodhaKz
Mimi swali langu liko pembeni kidogo. Nyumbani tunatumia sola na inveta, nikichomeka kinanda kinanguruma. Ni kinanda au ni inveta?

FundiMota_MLD
Kama inveta ni ile ya bei rahisi isiyotoa wimbi laini, mota ya AC itanguruma na kupata moto. Vinanda vya adapta ndogo ya nje na mota ya DC vinavumilia zaidi. Lakini kama mngurumo unatoka kwa spika na si kwa mota basi tazama waya wa ethi, ule mwembamba peke yake unaotoka nyuma ya kinanda wenye kichwa kama uma, unatakiwa ufungwe kwenye skrubu ya amplifaya au priampu. Wengi wanauacha unaning'inia. Gusa chuma cha kinanda kwa kidole, mngurumo ukipungua basi ni ethi.

KijanaWaShella
Sasa nimekwama kwa 78. Nimezitoa jana nikazitazama, zina uzito na moja ina ufa ukingoni. Nisizipige kabisa? Ndo ambazo wazee wanazitaka zaidi.

MzeeWaLangoni
Hapo ndo penyewe, nisikize vizuri mwanangu.

Hizo si vinyli, ni shelaki, zinavunjika zikianguka hata kimo cha goti. Huo ndo muziki wa kwanza wa Kiswahili kuingia kwenye santuri. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi akawa anasikika pwani yote, na baada yake wakaja wengine, kwa hivo usizitupe hata iliyopata ufa.

Mfereji wa 78 ni mpana, kama mara tatu ya ule wa LP. Sindano ya LP ukiiweka mle inazama mpaka chini, inaburura kwenye taka, unasikia kelele tupu na sindano yenyewe inaharibika. Kwa hivo kasi ya 78 kwenye kile kinanda cha mkoba haikusaidii kitu kama sindano ni ile ile moja. Sindano ya 78 ni kitu mbali, unene wa 3 mil (mil ni sehemu moja ya elfu ya inchi), wakati ya LP ni kama 0.7.

Cha kufanya chote kwa pamoja ni AT-LP120X. Ni cha mota ya moja kwa moja hakina belti, kina 33, 45 na 78, uzani wa nyuma unazunguka, kichwa kinafunguka, na katriji yake AT-VM95E inakubali kubadilishwa sindano peke yake ukaweka VMN95SP ambayo ndo ya 78. Unachomoa moja unachomeka nyengine, kisha unarekebisha uzito kufuata karatasi ya sindano ile. Lakini kwa bajeti yako kitakushinda sasa hivi, ni bei ya juu zaidi, labda upate cha mkono wa pili.

Ukikipata, kuweka uzito ni hivi. Toa kifuniko cha sindano wakati mkono bado umeshikwa, usikosee hapo. Rudisha kile kipimo cha kuzuia mvuto wa ndani (anti-skate, kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri) mpaka sifuri. Zungusha uzani wa nyuma mpaka mkono uelee hewani wenyewe, haupandi haushuki. Hapo shika uzani usizunguke, geuza ile pete ya namba peke yake mpaka isome 0. Sasa zungusha vyote pamoja mpaka 2, hio ni gramu 2 ambayo VM95E inataka. Kisha kile cha kuzuia mvuto nacho weka 2. Ukitaka uhakika mpelekee sonara au ununue mizani ndogo ya kidijitali, ile ya dhahabu.

pwani_beats
Mzee na akirekodi 78 kwa kasi ya 45 kisha aharakishe kwa kompyuta?

MzeeWaLangoni
Inawezekana, na kwa iliyo na ufa ni bora kwa sababu sindano inapita taratibu. Unarekodi kwa 45 kwa programu ya Audacity ambayo ni ya bure, kisha unaongeza kasi mara 1.733. Lakini sindano lazima iwe ile ya 78, hapo hakuna njia ya mkato.

BintiMkomani
Na kuosha! Za vinyli osha kwa maji safi yasiyo na chumvi, ya kisima usitumie kabisa yanaacha ukungu mweupe mferejini. Mimi natumia maji ya betri, yale ya kuongezea na SIO asidi, soma chupa vizuri, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mzunguko wa mfereji si kukata katikati, kisha unasuuza na kusimamisha zikauke kivulini. Karatasi ya katikati isiloane. Hizo 78 usiweke spiriti hata tone, shelaki inayeyuka kwa spiriti. Kitambaa chenye unyevu mdogo tu na ukaushe hapo hapo.

MtuWaGarsen
Mimi sikubaliani na habari ya kununua kipya. Kwa elfu thelathini na tano ukipata cha Kijapani cha miaka ya sabini mwisho kilichotunzwa, mkono wake unaushinda huo wa LP60 mbali sana. Vitu vile vilitengenezwa vizito.

MzeeWaLangoni
Hilo ni kweli ndugu, sibishani, na kama kijana angekaa na fundi mlango wa pili ningemwambia hivo hivo. Ila Kijapani cha soko la Kijapani ni volti 100, hapo tena transfoma. Na cha kwanza mtu anataka asikize wiki hii, si akae akitafuta belti mwaka mzima.

KijanaWaShella
Nimeamua. Nachukua LP60X, naanza na 45 na LP, hizo 78 nazisafisha alivosema dada na kuziweka wima chumba cha ndani mpaka nipate cha kasi hio. Huyo wa Mombasa amenitumia picha ya kibati, kweli imeandikwa 120V 60Hz, nimemshukuru nikaacha. Swali la mwisho, baadhi ya 45 zina tundu kubwa katikati, na pia nitakisafirishaje, kitakuja kwa basi.

FundiMota_MLD
Tundu kubwa unaweka kile kiduara cha adapta, kwa kawaida kinakuja ndani ya boksi, usikitupe na plastiki.

Kwa basi: boksi lake la asili. Kama ni kipya usikifungue njiani. Kama ni cha mtumba toa sahani uifunge peke yake, toa uzani wa nyuma, mkono ufunge kwenye kishikio chake kwa kamba laini, sindano ivae kifuniko chake. Mwambie utingo asikiweke kwenye buti chini ya magunia, kaa nacho mapajani kama inawezekana.

NahodhaKz
Na wa Amu mkivusha kutoka Mokowe funga nailoni kabla hujaingia boti, si baada ya wimbi la kwanza.

BintiMkomani
KijanaWaShella siku ukifika kuagiza sindano ya 78 niandikie, nami naihitaji, tuagize pamoja tugawane gharama ya kusafirisha.

KijanaWaShella
Sawa dada, nitakuandikia mwisho wa mwezi inshallah.